Hamira ya Taifa na Miji Iliyokwisha

Kitendawili!

Nasema kitendawili, nyie mliokaa huko nyuma mkitafuna mahindi. Haya, sikilizeni. Mgeni alikuja na pasipoti, akapigiwa ngoma, akapewa nyumba ya chuma na chakula kitamu asichoweza kukimaliza. Haukupita muda, ndani ya nyumba ile mna mtu mwingine. Anakula chakula kile kile, anafanya kazi ile ile, na hakuna aliyemwona mgeni akitoka wala mwenzake akiingia. Nani yumo ndani?

Hamjui? Basi nipeni mji.

Mnacheka. Mnautoa upesi kwa sababu mji mnaonipa sitauona, wala nyie hamtaukosa. Lakini iko nchi moja, jina lake limenitoka, na heri limenitoka, ambako kutoa mji si mchezo wa jioni. Ni sheria. Imeandikwa kwenye katiba yao, karibu kabisa na mwanzo, mahali ambapo nchi nyingine huandika habari za uhuru: *Kiongozi akiulizwa swali atajibu. Akishindwa kujibu atampa muulizaji mji, na swali litalala hadi kikao kijacho.*

Waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wa heshima. Walidhani hakuna kiongozi mwenye akili atakayetoa mji mzima, watu wake na soko lake, kwa kukwepa swali. Walikuwa na nia njema, maskini, ila hawakuwa wamewaona viongozi wenyewe.

Swali la kwanza aliulizwa Waziri wa Maji: kwa nini mabomba yanakohoa badala ya kutoa maji? Waziri akafikiri, akajifuta jasho, akasema, "Nakupa Bandari Kavu." Mbunge aliyeuliza akaenda kula mji wake, na mabomba yakaendelea kukohoa. Mawaziri wengine wakaona, kumbe! Kujibu kunaumiza kichwa, mji hauumizi. Shule zikaulizwa, ukatoka mji. Barabara zikaulizwa, ukatoka mji na daraja lake. Hata mji mkuu ulikwisha kutolewa zamani, kwa swali moja dogo la uchaguzi, na serikali ikabaki humo kama mpangaji.

Sasa turudi kwenye ile nyumba ya chuma.

*

Nchi hiyo ilikuwa na miwa mingi na haikuwa na petroli. Mkubwa mmoja akarudi safari akasema huko alikotoka magari yanakunywa spiriti ya miwa. Hilo ni kweli, wala simsingizii. Sukari ikishatolewa kwenye miwa inabaki shira nyeusi. Ukiizimua kwa maji ukaitia hamira, hamira inakula utamu na kutoa pombe. Pombe ile ukiichemsha na kuukusanya mvuke wake, unapata kitu kinachowaka na kusukuma gari. Wanawake wa nchi hiyo walikuwa wakiifanya nusu ya kazi hiyo tangu enzi na enzi, na walikuwa wakifungwa kwa ajili yake.

Kazi akapewa Mheshimiwa Lugusha, Waziri wa Nishati na Matumaini. Akajenga kiwanda chenye matangi marefu kama minara, akasimama mbele yake akahutubia.

"Ndugu wananchi! Hatutatumia hamira ya mandazi! Tumeagiza hamira teule, hamira iliyosoma, hamira isiyoogopa joto! Kuanzia leo itaitwa Hamira ya Taifa, na atakayeisema vibaya amelisema taifa!"

Hamira ikaja kwa ndege, ikiwa imekalishwa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Ikatandikiwa zulia jekundu. Watoto wa shule walisimamishwa juani na bendera tangu alfajiri, wakaitazama pakiti ile, pakiti haikuwatazama.

Siku ya kuzindua tangi la kwanza Waziri alitakiwa akoroge kwa mkono wake. Mwiko wa dhahabu ulikuwa umeagizwa ng'ambo. Karatasi ya maagizo ilisema uwe na urefu wa mkono, ila haikusema mkono wa nani. Sanduku likafunguliwa mbele ya wageni, mna kijiko cha urefu wa mkono wa mtoto mchanga.

Mpambe wa Waziri akatoka mbio hadi kituo cha polisi cha jirani. Humo stoo ulikuwa umesimamishwa mwiko mmoja mrefu, mweusi kwa moshi, wa mti mgumu. Mwenyewe aliitwa Bi Kalunde, mpika pombe wa ng'ambo ya reli, na siku hiyo alikuwa anatumikia kifungo kwa kupika pombe bila kibali.

"Huo ni kidhibiti cha kesi," akasema askari wa zamu.

"Kidhibiti si mwiko?"

"Ni mwiko."

"Basi lete."

"Angalau tuuoshe, mkubwa," akasema askari. "Una ukoko huo."

Wakafungua bomba. Bomba likakohoa. Mnakumbuka swali la Waziri wa Maji.

Na hapa pana jambo la wapika pombe ambalo mpambe hakulijua, maana alilelewa kwa juisi. Mwiko wa pombe hauoshwi. Ukishakoroga unautundika darini juu ya meko, ukauke na ukoko wake hivyo hivyo, na siku ya kupika tena unautumbukiza. Bi Kalunde aliurithi mwiko ule kwa bibi yake, na bibi yake naye hakuwahi kuuosha. Waliokuwa wamelala ndani ya ukoko ule walikuwa ukoo mzima wa hamira.

Ukafungwa bendera kwenye mpini, akapewa Waziri na kunong'onezwa ulikotoka. Waziri akakoroga kulia, akakoroga kushoto, akapigwa picha. Povu likapanda. Watu wakapiga makofi.

*

Kiwandani alikuwepo mwanamke mmoja, Dokta Nyamizi, Mlinzi Mkuu wa Ukoo wa Hamira. Jina la cheo lilikuwa refu kuliko chumba alichopewa. Kazi yake ilikuwa kuchota kijiko kutoka kila tangi na kuangalia kama waliomo ni wale wale waliotiwa. Ni kazi ya lazima, kwa sababu kiwandani hamira haitupwi. Tangi likimaliza kuchacha, hamira yake inakusanywa na kutiwa tangi linalofuata, na mgeni akiingia moja atayatembelea yote.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha, wote ni maziwa ya mgando tu. Kwa hiyo alitumia vinasaba. Vinasaba mnavijua. Baba akimkana mtoto, wanapelekwa wote wawili kupimwa, na majibu yakija baba anaanza kutazama dari. Hamira nayo hupimwa hivyo hivyo. Kila ukoo una alama zake ndani, zikitolewa zinajipanga mistari mistari, kama chale usoni mwa watu wa kabila moja. Hamira ya Taifa alama zake zilikuwa mistari miwili iliyokaribiana na mmoja uliojitenga.

Mwanzoni aliiona hiyo tu. Kisha ikatokea mistari mingine, hafifu, inayochungulia kama jirani dirishani. Kisha ikakolea. Mwishowe ile miwili na ule mmoja haikuonekana tena katika tangi lolote. Dokta akavaa viatu vyake vizuri, akaenda kwa Waziri.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka, nina chakula."

"Hamira yetu haimo."

"Imekwenda wapi?"

"Imekufa, Mheshimiwa. Imeingia nyingine, imeila nafasi yake."

Waziri akaweka uma chini. "Spiriti inatoka?"

"Inatoka. Imezidi, hata. Huyu aliyeingia anavumilia joto la hapa kuliko yule wetu."

"Ngoja. Wetu ndiye yule aliyetoka ng'ambo, na mgeni ndiye huyu wa hapa?"

"Ndivyo, Mheshimiwa."

"Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe peke yako."

"Basi wamejua wengi mno." Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Hizo alama, nani alisema ndizo za taifa?"

"Ndivyo pakiti ilivyokuja."

"Pakiti si serikali, Dokta. Kuanzia kesho, alama za Hamira ya Taifa ni zile zinazopatikana ndani ya tangi. Ukipima utakuta nini?"

"Nitakuta... ile ile."

"Siku zote?"

"Siku zote, Mheshimiwa."

"Hongera. Umeiokoa nchi."

Tangazo likatoka, alama za zamani zikafutwa, na ikawa kosa kuzikumbuka. Dokta Nyamizi akarudi kwenye chumba chake kidogo, akavua viatu vile vizuri, akakaa. Watu wanaojua jambo wasilotakiwa kulijua huchoka kuliko wabeba magunia. Mbeba gunia hulitua.

*

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Lakini mtu akishadanganya vizuri huanza kuogopa wezi. Waziri akasikia majirani wanaionea wivu hamira yake, akaamuru msako: vyungu vyote vya pombe nchini vipimwe, aonekane nani amediriki kuiba Hamira ya Taifa.

Bi Kalunde alikuwa ametoka kifungoni juzi tu. Alikuwa anahangaika na arusi ya binti yake Semeni, na kwao bibi arusi haondoki nyumbani mpaka mama yake apike pombe ya kuagia, aikoroge kwa mwiko wa nyumba, wakwe wainywe. Mwiko aliambiwa uko kwa serikali. Akasema potelea mbali, ataanza na chungu, machicha ya zamani bado yamo. Ndipo wapimaji wakabisha hodi.

Chungu kikapimwa. Mistari ikatoka. Ilikuwa ile ile ya tangini, mstari kwa mstari.

"Umeipata wapi hii?" akauliza mkuu wa msako.

"Ya bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa na kibali?"

"Alikuwa na kiu."

Wakamfunga pingu. Safari hii si kwa kupika pombe, bali kwa wizi wa mali ya taifa na uhujumu, kosa ambalo mtu akiingia nalo gerezani hutolewa ndani ya jeneza, mabegani mwa watu wanne.

*

Kesi ikaangukia kwa Hakimu Chambuso, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku ya kwanza mahakama ilijaa. Mstari wa mbele alikaa Semeni na hina yake mikononi, na pembeni mwake mjomba wa bwana arusi, Mzee Sengasu, mwenye sura ya mtu aliyechelewa basi.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mheshimiwa Hakimu, vinasaba vimesema. Hamira ya chunguni na ya tangini ni moja. Tangi ni la serikali. Kwa hiyo mama huyu ni mwizi. Nimemaliza, naomba chai."

"Dokta Nyamizi," akasema Hakimu, "ni kweli ni moja?"

"Ni ukoo mmoja, Mheshimiwa. Lakini vinasaba vinasema ni ndugu. Havisemi nani alimtembelea nani."

"Tutajuaje basi?"

"Kwa kulinganisha na alama za pakiti ilivyokuja kutoka ng'ambo."

"Tuonyeshe."

"Zilifutwa kwa tangazo, Mheshimiwa. Kisheria sizikumbuki."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha waliolala njaa. Hakimu akavua miwani.

"Basi kesi hii ina swali moja tu. Hamira iliyomo tangini ikiwa ya serikali, mshtakiwa ameiba, na atafungwa maisha. Ikiwa yake, hakuiba kitu, aende nyumbani akaoze mtoto. Anayeweza kusema bila kuvunja tangazo ni yule aliyelitoa. Mheshimiwa Waziri! Ndani ya tangi mna hamira ya nani?"

Mheshimiwa Lugusha akasimama. Akafunga kifungo cha koti. "Swali zuri sana. Serikali yetu sikivu imelipokea. Nakupa Chemchemi ya Juu."

Swali likalala. Kesi ikaahirishwa ili Hakimu aende kukagua mji wake.

"Mama, na mimi?" akaita Semeni.

"Waambie wakwe wasubiri, mwanangu," akasema Bi Kalunde akishushwa ngazi. "Waambie pombe nzuri haiharakishwi."

Kikao cha pili, swali lile lile. "Nakupa Lungumbi." Cha tatu. "Nakupa Magugu Mawili." Ikawa hivyo msimu hata msimu. Hina ya Semeni ikafifia, ikapakwa tena, ikafifia. Bi Kalunde rumande akaota mvi zilizokuwa zinasitasita. Askari walimzoea mpaka wakawa wanamwomba ushauri wa ndoa. Nje huko magari yakapita yakinuka utamu kidogo kwa nyuma, na redio ikaisifu Hamira ya Taifa asubuhi na jioni.

Hakimu Chambuso naye, mnadhani alinenepa kwa miji? Wapi! Mji si kuku, mji una watu. Chemchemi ya Juu wakamletea wazee kumwambia hawana zahanati. Lungumbi taka zilijaa sokoni wakamwita aje azione, zake hizo. Magugu Mawili walikuwa na mbwa wenye kichaa. Alikuwa akifika mahakamani vumbi mpaka kwenye nyusi, na kila aliposikia "nakupa" alifumba macho.

"Mheshimiwa Waziri," alisema siku moja, "usinipe mji. Nakuomba kama binadamu. Nipe jibu, hata bovu."

"Nakupa Majani Mapana."

"Jamani, miji ya nini? Sina hata pa kuiweka!"

Lakini sheria ni sheria. Akaupokea akilia.

*

Siku ninayoisema sasa, mvua ilinyesha na paa la mahakama likavuja. Hakimu alikaa chini ya mwavuli. Mzee Sengasu aliingia akiwa tayari ameshika fimbo yake na mfuko wake.

"Mama Semeni," akamwambia Bi Kalunde aliyekuwa kizimbani, "sisi si watu wabaya. Tumesubiri mpaka bwana arusi ameota kitambi cha upweke. Lakini ukirudishwa rumande leo, sisi tunakwenda zetu. Kijana tumemtafutia kwingine."

Bi Kalunde akamtazama binti yake. Semeni alikuwa amekaa mikono mapajani, viganja juu, hina imekwisha kabisa.

"Mkwe wangu," akasema Bi Kalunde, "mie nimechoka kuwaambia watu wasubiri. Leo sina neno."

Swali likaulizwa. Ndani ya tangi mna hamira ya nani?

Waziri akasimama, akafunga kifungo. "Nakupa..." Akamwinamia mpambe. Mpambe akafungua ramani, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma. Nchi nzima ilikuwa imepigwa misalaba. Kilichobaki ni kidoa kimoja, kule kusikofika barabara.

"Igungulile, Mheshimiwa," akanong'ona mpambe, ila kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, mahakama yote ikasikia. "Ndio pekee."

"Igungulile?" akasema Waziri.

"Igungulile?" ikajibu sauti nyingine, kutoka nyuma.

Alikuwa bibi kizee, kanga yake imelowa, kakumbatia jogoo chini ya kwapa. Ni Bi Ng'washi, mama mzazi wa Waziri. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa goti, na mvua ikamsukumia humo kama ilivyowasukuma wengi.

"Lugusha!" akasema. "Nimesikia vizuri au masikio yameungana na goti?"

"Shikamoo, mama. Kaa kwanza, hii ni serikali."

"Sikai! Igungulile ndiko nilikokuzalia. Kaburi la baba yako liko wapi? Kondo lako lilizikwa wapi, nchi za nje? Unampa mji wangu huyu mtu wa miwani ya uzi, mimi nikalale wapi? Kwenye hotuba yako?"

"Mama, mie siutaki!" akasema Hakimu kutoka chini ya mwavuli. "Wallahi siutaki!"

"Umesikia? Hata anayepewa hautaki." Jogoo akapiga kelele, bibi akamziba mdomo kwa kanga. "Umeulizwa nini kwani? Kitu kigumu kiasi gani, mpaka nchi nzima iishe?"

Waziri akaikunja ile ramani.

"Ameulizwa hamira ya nani, mama," akasema Semeni polepole.

"Hamira?" Bi Ng'washi akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, si kwa hasira tena. Akamtazama kama mtu anayetazama suruali aliyoishona mwenyewe ikiwa imechanika. "Hamira, Lugusha? Jibu, baba. Watu wamechoka. Na wewe umechoka, nakuona."

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye ndoo waliyoitega mbele ya kizimba. Dokta Nyamizi alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Mzee Sengasu alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya mlango, ule wa ndani haujaondoka. Hakimu akavua miwani, akaipangusa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Mheshimiwa. Ndani ya tangi. Ni ya nani?"

Waziri akaanza kufunga kifungo cha koti, kisha akakifungua, akafungua na cha pili.

"Ni ya Bi Kalunde," akasema. "Yetu ilikufa tangu siku zile za sherehe. Yake iliingia kwa mwiko wake, na aliyekoroga ni mimi."